Glovu Iliyonipungia Mkono Kasulu

Binamu Hamisi,

Salamu kutoka baridi ya Kasulu! Gari uliloniuzia limepona! Tangu Kibondo, kila lilipochemka, nilifuata ushauri wako, "Ongeza maji tu," hadi likazima hapa. Fundi, Mama Neema, aliposikia mimi ni nesi akaniomba glovu, akaivalisha kwenye mdomo wa rejeta, pale ninapoongezea maji. "Washa!" Ikavimba, vidole vitano vikanipungia!

"Moshi wa injini unaingia kwenye maji," akasema. "Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia moshi usikutane na maji, imeungua."

Akafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akaisugua kwenye msasa uliotandikwa juu ya kioo hadi uso wake ukanyooka, akafunga gasketi mpya. Tukavalisha glovu tena, nikawasha, roho mkononi. Haikunyanyua hata kidole! Nikamkumbatia na grisi zake.

Nimewakumbuka nyote. Glovu nakuletea siku ya Idi. Ukisema tena "ongeza maji tu", nakuvalisha mdomoni.

Zuhura wako