Neno la Siri la Mama Miwani

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mguu wa mama umepona, na kwamba anawagombeza wote kama kawaida yake. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili tu, mengine utayasoma.

Unamkumbuka Mama Miwani, mkuu wetu wa masjala hapa hospitalini, aliyenipokea nisijue hata kuwasha kompyuta? Ameachishwa kazi. Miaka ishirini na sita, akatoka na kikombe chake na sweta.

Ngoja nikueleze. Kompyuta yetu ni kongwe, ukiifunga inachukua robo saa kuamka, na wagonjwa dirishani hawana robo saa ya kukupa. Kwa hiyo Mama Miwani alikuwa akiifungua kila asubuhi kwa jina lake, na sote tukiitumia hivyo hivyo hadi jioni. Neno lake la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Siri ya watu sita. Fundi wa kompyuta alitukataza mpaka akachoka. Tulimwambia aje yeye akae dirishani atukanwe.

Mwezi uliopita ikaja barua pepe iliyojidai imetoka kwa fundi, ikitaka neno la siri kabla ya saa sita mchana. Mtu akaliandika. Kesho yake mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa yamefungwa na wezi wa mtandaoni, hata ya wale waliokuwa wanasubiri kupasuliwa. Fundi alipochunguza akakuta neno lilitumwa kwa jina la Mama Miwani. Mkurugenzi alimuuliza kama ni yeye. Akajibu kwamba hakumbuki, lakini kama kompyuta inasema ni yeye, basi ni yeye.

Ofisini wanasema yaliyopita si ndwele. Jumapili nilikwenda kumjulia hali. Binti yake aliniambia kuwa siku hizi mama hawashi jiko, na mjukuu hambebi, anaogopa atamsahau mahali. Mwenyewe aliniomba radhi, dada, mimi! Alisema ametuharibia kazi kwa sababu ya kichwa chake kinachozeeka.

Kichwa chake hakina kasoro yoyote. Saa ile barua pepe ilipoingia alikuwa amekwenda kunywa chai, na aliyekaa kwenye kiti chake ni mimi. Foleni ilifika mlangoni, watu wanapiga kelele, nikaandika bila kusoma mara mbili. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Ya pili nikanyamaza kwa sababu nilinyamaza ya kwanza. Sasa kiti wamenipa mimi. Najichukia.

Jumatatu anakwenda kupimwa kumbukumbu. Ameniomba nimsindikize, kwani daktari atataka mtu wa kazini aeleze usahaulifu wake ulianza lini. Nimekubali, na najijua, dada. Nitataja tarehe.

Msalimie mama, ila usimsomee barua hii. Watoto waambie tu mama yao mdogo anawapenda.

Ni mimi, mdogo wako.