Kumkumbuka Muhsin Ameir, Aliyeling'oa Geti Alilolitaka Mwenyewe

Baba yetu mpenzi, leo umetimia mwaka tangu asubuhi ile ya Jumanne Mwenyezi Mungu alipokuchukua, nawe umeshavaa koti tayari kwenda mtaa wa Ilford. Huko walikuwa wakikusubiri majirani waliokabidhiwa kiwanja chao na halmashauri, wasijue waanzie wapi.

Ndiyo iliyokuwa kazi yako tangu ulipostaafu ukarani wa hospitali. Uliwafundisha watu kutunza viwanja vya wazi vya mitaa yao, vile vilivyohifadhiwa visijengwe: majani yakatwe lini ili viota vya ndege visiharibike, zamu zipangwe vipi, mkutano uishe vipi bila watu kununiana. Ulirudi na mifuko ya koti imejaa taka ulizookota njiani. Mama akilalamika kila alipofua, ulicheka, na kesho yake ukafanya vilevile.

Lakini tunalokukumbukia zaidi ni lile geti la kiwanja chetu hapa Walthamstow. Pikipiki zilikuwa zikichimbua majani na kutisha watoto. Ukawashawishi majirani wakaweka geti jembamba, la kupita mtu mmoja mmoja. Pikipiki zikakoma, sote tukakusifu.

Kisha Bi Daksha, jirani yetu mzaliwa wa Tanga, akapata kiharusi. Siku ya kwanza mumewe, Bwana Keyur, alipomleta kwenye kiti cha magurudumu, kiti hakikupita.

"Si neno, Bwana Muhsin," Bi Daksha alikwambia. "Sisi tutakaa hapa nje, twawaona."

Ulirudi nyumbani, ukaacha chakula mezani. Mama alipokuuliza una nini, ulisema, "Nimemfungia jirani nje, Ghalia."

Mkutanoni ulisimama mbele ya wote. "Geti hili nililitaka mimi, na nimekosea. Naomba tuling'oe."

Mmoja akauliza, pikipiki zikirudi je?

"Tutakaa zamu," ukamjibu. "Majani yakikanyagwa huota tena."

Geti likang'olewa, na pikipiki zikarudi kweli. Msimu mzima wa baridi ulikaa pale kila alasiri na chupa ya chai ya tangawizi, ukizungumza na waendeshaji wale kwa upole hata ukayajua majina yao, mpaka wakaacha. Bi Daksha alipoingia, alimwomba mumewe amvue viatu, akaziweka nyayo zake kwenye majani.

Mwanao Afnan, aliyekujibu Kiingereza miaka yote, sasa anakuombea dua kwa Kiswahili, taratibu, akikosea na kurudia.

Unakumbukwa na mkeo Ghalia, wanao Afnan na Amir, dada yako Kijakazi aliye Pemba, na wajukuu. Bwana Keyur na Bi Daksha wameomba majina yao yaandikwe humu pamoja na ya familia, nasi tumeyaandika.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Hututoki moyoni, Baba, siku zote.