Nilimkatiza Baba Kituo cha Sita

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, nami nakuandikia kwa aibu, maana nimemkosea baba yangu mzazi mbele ya watoto wa shule. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, nafundisha Historia na Jiografia, na baba yangu, Mzee Lugembe wa Igalula, ujanani alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na mwezi wa Machi wanafunzi wangu walimwomba aje awaeleze njia ile, naye akavaa kanzu yake safi akaja, akaanza kuvitaja vituo kimoja kimoja, Kigwa, Rubuga, Tura, na kila kituo akataja maji yake, matamu au ya chumvi, na jina la mpagazi aliyezikwa pale, na siku hiyo Bwana Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya darasa, nami nikaona haya, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwamba Historia ni tarehe na hati, na Jiografia ni ramani na vipimo, na haya ya baba hayakuwa hili wala lile, basi alipokwisha kukitaja kituo cha sita, ndani ya Mgunda Mkali, lile pori kavu lisilo na watu, nikamkatiza nikasema, "Mzee, hizo ni hadithi, hazimo katika somo."

Hakugomba. Alisema tu, "Haya, mwalimu," akachukua fimbo yake akatoka. Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

Dada yangu Eustadia, anayemtunza, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kule kuvitaja vituo ndiko kuomboleza kwa wapagazi wa ukoo wetu, aliyerudi hai humkabidhi mtoto wake orodha nzima kwa kikao kimoja, na ikikatwa haiungwi, huanzwa upya toka Tabora, na kituo cha saba, ambacho sikumwacha akifikie, ndipo alipozikwa kaka yake baba, Ngollo, ambaye sisi watoto hatukuwahi kuambiwa kaburi lake liko wapi. Sasa baba kifua kimembana, hasemi maneno kumi bila kupumzika. Nilikwenda nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akageukia ukutani. Je, walimu wangu walinidanganya? Nami nimwache apumzike, au nimwombe aanze upya na hali pumzi hana?

Mimi mwenye majuto,
Silasi Lugembe
Tabora, Juni 1937

Mwalimu Silasi,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Walimu wako hawakukudanganya. Wewe ulishika nusu ya walichokufundisha. Somo ni namna ya kuuliza. Historia huuliza nini kilitukia, na tumejuaje. Jiografia huuliza ni wapi, na kwa nini watu walipita huku wasipite kule. Masomo yaligawanywa kwa sababu kichwa kimoja hakiwezi kuuliza yote kwa pamoja, na mgawo huo ni mzuri, siudharau. Lakini mpagazi aliyekufa kwa kiu hakufa kwa Jiografia asubuhi na kwa Historia jioni. Baba yako alikuletea maji, njia na makaburi pamoja, kwa kuwa ndivyo alivyoyapitia. Huenda kituo kimoja amekisahau, huenda kingine amekiongeza. Wazee nao ni watu. Kupima ni kazi yako, ila kisichosikilizwa hakipimwi. Wewe hukupima kitu, ulimwogopa Mkaguzi tu. Usiisingizie elimu.

Sasa panda garimoshi la kwanza la kwenda Igalula. Daftari liache nyumbani. Usimwombe aanze upya. Yeye hana pumzi, wewe unayo. Keti chini kando ya kitanda, mwombe radhi kwa maneno machache, kisha utaje wewe, toka Tabora, vituo vile sita, na maji yake, na majina ya waliolala pale. Ukikosea ataguna, rudia. Kama mila inamkataza mtoto kumwanzia baba, atakuambia mwenyewe, na hapo atakuwa amesema nawe. Ukifika cha sita, nyamaza. Cha saba ni maneno mawili matatu, na pumzi ya hayo huenda bado anayo. Asiposema, usimsumbue, kaa naye hivyo hivyo.

Na ukikuta matanga, wafundishe wanao hivyo sita. Siku watakapouliza Ngollo amelala wapi, waambie kweli: babu yenu alikuwa karibu kupataja, nami nikamnyamazisha.