Rangi Nyekundu Kwenye Kucha za Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi mzima wa mwili tu. Mama bado yuko wodini. Mshono wa mguu uliokatwa umeanza kukauka, na jana alinitania kwamba sasa kiatu kimoja kinamtosha. Nilicheka naye, kisha nikatoka kwenye korido nikalia.

Juzi daktari alinikalisha chini. Alisema yote yalianza na fangasi kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukucha ulinenepa, ukawa unabonyeza nyama mpaka pakatokea kidonda, na kwa mwenye kisukari kidonda hakina mzaha. Tungewahi, alisema, dawa ya miezi michache ingetosha, pamoja na kukausha miguu vizuri na kutochangia vifaa vya kucha. Akaniuliza ilikuwaje mpaka tukachelewa hivyo.

Najua wewe ulishatoa hukumu. Ulisema mkeo alikuwa akimwogesha Mama na kumwacha na miguu imelowa, na siku ya upasuaji ukamwambia arudi kwao. Nilikuwa mlangoni, nikasikia kila neno. Wifi alibeba begi lake bila kujitetea, nami nikampisha apite.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa. Pale saluni ninapofanya kazi, kikata kucha kinatakiwa kichemshwe baada ya kila mteja. Siku za watu wengi tulikuwa tunakipangusa kwa pamba yenye spiriti, basi, anayefuata akae. Siku moja nilikuja nacho nyumbani kumkata Mama kucha, kikiwa kimetoka kwenye miguu ya mteja ambaye kucha zake zilikuwa njano, zinameguka kama mkate mkavu. Nilijua, kaka. Nilikuwa nimechoka, nikaona uvivu kuteleka maji.

Baada ya miezi, ukucha wa Mama ukageuka njano. Wifi ndiye aliyeuona kwanza, akasema tumpeleke hospitali. Nilimjibu kwa ukali kwamba kucha ni kazi yangu, asinifundishe. Nikaukwangua kwa tupa, nikaupaka rangi nyekundu, na kila ulipozidi kuharibika nikaongeza rangi, nisiumbuke mimi mtu wa saluni. Mama alifurahi, akasema amerudi usichana. Mguu wenyewe ulikuwa na ganzi, hakusikia maumivu.

Kabla ya kukuandikia nilikwenda kwao wifi nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Aliniuliza tu ni nani anayemkausha Mama mguu uliobaki.

Njoo umrudishe, kaka, na umwombe radhi mbele yangu. Mimi usinisamehe haraka.

Mama anakusalimu sana. Bado hajui; kila muuguzi anayepita anamwambia kwamba binti yake ni fundi wa kucha. Nikishafunga barua hii naenda kumwambia.

Ni mimi,
Mdogo wako.