Zizi Ambalo Hukulivunja

Ndugu yangu Luhende,

Leo nimekusikia tena stendi ya Dutwa. Bodaboda mmoja alikuwa amefungulia albamu yetu, Tumbo Halina Likizo, spika inapasuka, na ile sauti yako ya mikwaruzo ikawafunika hadi wauza karanga. Vijana walikuwa wanafuatisha neno kwa neno. Nikanunua sabuni niliyotumwa, nikaondoka.

Unakumbuka tulivyoirekodi? Tulikwenda Bariadi kwa baiskeli moja, wewe ukinyonga njia nzima kwa sababu mimi mvivu na wewe hujui kulalamika. Studio ilikuwa chumba nyuma ya saluni, magodoro mabovu yamepigiliwa ukutani, joto la kuua. Nyimbo saba zilikuwa maisha yetu kabisa: kubeba magunia ya pamba hadi bega linachubuka, kulala stendi, kukimbizwa na mgambo, kunywa maji ili tumbo linyamaze. Prodyuza akasikiliza zote, akacheka.

"Wanangu, hapa mmelia njaa tu. Albamu ngumu, hamjaiba hata kuku?"

Nikaona aibu. Nikaandika wimbo wa nane palepale, daftari gotini: "Nimevunja zizi la mzee, leo wanangu tumekula." Niliandika mimi. Uliuimba wewe kwa sababu sauti yangu ni ya mwanakwaya, na uliuimba hadi mwenyewe nikaamini.

Haukupita muda, ng'ombe wanne wa jirani yenu wakapotea. Kwenye mkutano wa kijiji mtu akatoa simu, akaupiga ule wimbo. Wazee wakausikiliza hadi mwisho bila kukohoa. Kwao mtu akisema nimevunja, basi amevunja. Nani atajisingizia wizi? Mwenyekiti akauliza, "Maneno haya ya nani?"

Ulinitazama mara moja tu. Mimi nikatazama ndala zangu.

"Yangu, baba," ukasema.

Wakakutenga, wewe na nyumba yenu. Hakuna salamu, hakuna kuazimwa moto, hakuna wa kuwasaidia mkifiwa. Siku ya nne ukaondoka bila begi, na simu yako haijapatikana tangu hapo.

Ng'ombe walionekana, Luhende. Walikuwa wamejichanganya na kundi lililokuwa linapelekwa malishoni upande wa Mwandoya. Jirani mwenyewe akaenda kuwachukua kimyakimya, na hakuna aliyeitisha mkutano mwingine. Mama yako bado ametengwa. Ningeweza kusimama nikasema nani aliandika. Kila wiki najiambia nitasimama, na sisimami. Naogopa kutengwa kuliko ninavyokupenda, huo ndio ukweli, na sioni kama nitabadilika.

Mama yako hupita kwetu akitoka bombani. Namsalimia nikishahakikisha njia haina mtu. Jana alitua ndoo yake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Kijiji kizima umebaki wewe tu. Luhende alijua kuchagua rafiki."

Nikamtwisha ndoo, akaenda zake.

Popote ulipo, ule ushibe. Huku usirudi.

Mwenzako,
wa wimbo wa nane