Nyanya Zilizozidi Deni Mara Mbili

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Huku Ilula tuko wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Goti la babu yako limepoa, amerudi kwaya.

Umeandika kwamba kampuni inayotaka kukuajiri ina mali za muda mfupi, zile za kugeuzwa fedha ndani ya mwaka, mara mbili ya madeni ya mwaka huu, ukauliza kama hiyo ni afya. Ni dalili njema, ila uliza pia hizo mali ni nini.

Nilipokuwa msichana, mimi na wifi yangu Anjelina tulichukua nyanya za wakulima kwa mkopo, tukaahidi kuwalipa Jumamosi. Kwa bei ya Dar es Salaam, thamani yake ilikuwa mara mbili ya deni. Tukajiona matajiri. Kisha mvua ikaharibu barabara ya Kitonga, njia ya kwenda Dar, malori yakasimama, nyanya zikaanza kulainika.

"Tuziuze hapa hapa," wifi akasema.

"Kwa bei ya kutupa? Tusubiri barabara."

"Na Jumamosi tuwaambie nini wakulima?"

Nikabeba tenga huku nimenuna. Tukawauzia abiria wa mabasi yaliyokwama, na wenye hoteli za Iringa mjini. Barabara ilipofunguliwa, zilizobaki zilikuwa zimeoza. Lakini Jumamosi tulimlipa kila mkulima, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Msimu uliofuata tulikwenda kwao bila hata senti, tukiona aibu kuomba. Mzee mmoja akatuonyesha shamba lake lote.

"Chumeni, binti zangu," akasema. "Nyie mnalipa."

Nakuombea kazi yenye amani.

Bibi yako