Biskuti Themanini za Siku ya Kansas

Portland, Oregon
3 Januari 1994

Mama mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye mvua isiyojua kupumzika. Watoto ni wazima. Mimi pia, ila nikimaliza kuendesha basi la shule najitupa kitandani na viatu vyangu. Wewe hujambo? Na macho je?

Daktari wako amenipigia. Anasema hufai tena kukaa peke yako. Chumba cha nyuma ni kitupu, Mama. Sina nguvu ya kubishana. Simu ikilia tu, moyo unanilipuka. Njoo ukae nasi.

Mwanao,
Corinne


Tolliver, Kansas
11 Januari

Mwanangu Corinne,

Barua imefika, nami sijambo, theluji tu imefika magotini. Usiyacheke haya maandishi makubwa. Kalamu nyembamba zimeniudhi.

Huyo daktari ana mdomo. Nyumba hii niliingia nikiwa bibi harusi, sitatolewa na mtu aliyenitazama dakika kumi. Basi tufanye hivi. Siku ya Kansas ni tarehe ishirini na tisa. Miaka thelathini na moja nimewapikia watoto wa shule biskuti za umbo la jimbo letu, na aisingi yake, ile sukari ya kupaka juu, ya ute wa yai, na ua lake la alizeti. Mwaka huu nitapika themanini, peke yangu. Zikitoka sawa, hutanitajia tena hicho chumba. Zikiharibika, nitakuja bila kununa. Nitakutumia mbili, uwe hakimu.

Mama yako


31 Januari

Mwanangu,

Pokea salamu za mshindi! Wajukuu hawajambo? Mimi mgongo unaniwaka, lakini moyo unacheza. Siku tatu nimesimama. Nimepaka buluu, nikangoja ikauke, nikachora alizeti themanini bila hata moja kuchuruzika. Watoto walipiga makofi, na Mwalimu Loretta akanikumbatia muda mrefu, utadhani nasafiri.

Mbili zako hizo. Kula, halafu nyamaza.

Mama yako


7 Februari

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Sisi tunajikokota. Boksi limefika, hakuna kilichovunjika. Alizeti zinapendeza kuliko za dukani. Nimekaa nazo mezani siku mbili nikitafuta namna ya kukuambia.

Jimbo letu kona moja ya juu imeliwa na mto Missouri. Wewe ndiye uliyenifundisha: kata mstatili, kisha mega kona kwa kijiko cha chai kabla ya kuoka. "Usipomega," ulikuwa ukisema, "umewapikia jirani zetu wa Colorado, wenye jimbo la kona nne kamili."

Hizi kona zote nne ni nzima, Mama. Nimezipapasa kwa kidole nikidhani mimi ndiye nisiyeona.

Niambie ni hizi mbili tu.

Mwanao,
Corinne


2 Machi

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Siumwi, nilikuwa na aibu.

Barua yako alinisomea Loretta. Alipofika kwenye kona akaanza kuikunja karatasi. Nikamwambia, "Endelea." Akasoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Zilikuwa hivyo zote, Verla. Zote themanini." Trei niliziweka kando nije nizimege, nikazioka nikiamini nimeshazimega. Watoto walipoziona tu mezani, kabla sijaingia, yeye aliwaambia, "Atakayecheka hatoki nje wakati wa mapumziko." Hakuna aliyecheka. Watoto wa Kansas hao, wa miaka sita, wakala Colorado na kuniambia, "Asante, bibi."

Nilikasirika siku kumi nzima. Afadhali wangenicheka. Mtoto humcheka mkubwa aliyekosea. Anayemhurumia ndiye humnyamazia.

Nimechoka, Corinne. Nimechoka kuhesabu ngazi kwa mguu. Nimechoka kushika kitabu cha nyimbo kanisani na kujifanya nafuata. Hata barua hii anaiandika Loretta, mimi nasema tu, naye analia anadhani sijui.

Njoo unichukue wiki ya Pasaka, shule zikifungwa. Sitanuna. Ila kabla ya hapo niandikie jambo moja: mtu akiamka kitandani mwa chumba hicho, mlango uko mkono gani? Nataka nianze kuzoea.

Mama yako